Kuganda Si Kufa

Ofisi hii ni ya kutunga, na watu wake nimewapa majina ya kazi zao tu. Lakini kila kosa lililotendeka ndani yake ni kosa ambalo kompyuta hulikubali bila kubisha, na fundi yeyote aliyekaa mjini ataziona humo sura anazozijua.

Ilikuwa ofisi ya wakala wa forodha, Dar es Salaam, maeneo ya Posta, ghorofa ya tatu. Kazi yake ilikuwa kutoa mizigo bandarini: makontena ya vipuri, vigae, mitumba, pamoja na shehena za wateja wa Lubumbashi zinazopita hapa kwenda Kongo kwa malori. Mwenye ofisi alikuwa mama mmoja ambaye wote walimwita Bosi. Chini yake alikuwapo Mhasibu, mtu wa makamo asiyependa kelele. Karani, binti aliyeshika barua pepe zote. Na vijana wawili wa kukimbia na makaratasi kati ya ofisi na geti la bandari.

Barua pepe ziliingia kwenye kompyuta moja ya mezani, ya Karani. Programu iliyozipokea ni Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004 na mpaka leo hutolewa bure. Ofisi iliichagua siku ya kufunguliwa kwa sababu hiyo ya bure, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeshughulika nayo zaidi ya kuiwasha asubuhi na kuizima jioni. Ankara za wauzaji wa Guangzhou zilikuwa humo. Hati za shehena zilizoskaniwa zilikuwa humo. Mabishano na wateja, mapatano ya bei, ahadi za nani atalipa demereji kontena likichelewa kurudishwa, vyote vilikuwa humo, karibu vyote ndani ya folda moja iitwayo Inbox.

Jumatatu jioni umeme ulikatika Karani akiwa bado anaandika. Betri ya akiba ilikuwa imechoka siku nyingi. Skrini ikazimika papo hapo. Akachukua mkoba wake akaenda nyumbani.

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi akawasha. Dirisha la Thunderbird likafunguka, folda zikajipanga upande wa kushoto, kisha dirisha lote likapauka na juu yake pakatokea maneno ya kusema programu haijibu. Mshale wa kipanya ukageuka kiduara kinachozunguka. Akangoja, kikazunguka. Akangoja tena, kikazunguka. Mbele ya kompyuta taa ndogo ya diski ilikuwa ikimetameta bila kupumzika, lakini hakuna aliyeitazama. Karani akashikilia kitufe cha kuzimia mpaka skrini ikawa nyeusi, akawasha upya. Hali ikawa ileile. Akarudia.

Tuwaache hapo kidogo tuchungulie ndani ya mashine, maana ilikuwa na habari ambayo hakuna aliyeisoma.

Thunderbird huhifadhi kila folda kwa mafaili mawili. La kwanza lina jina la folda basi, bila herufi zozote za mwisho: Inbox. Ndani yake barua zote zimeandikwa moja chini ya nyingine kwa maandishi ya kawaida, na kila barua huanza kwa mstari wenye neno From. Muundo huo huitwa mbox, na ni wa kale kuliko Thunderbird yenyewe. Ulirithiwa kutoka kompyuta za Unix. Faili la pili ni dogo, Inbox.msf, nalo ni faharasa tu: nani kaandika, lini, kichwa cha habari ni kipi, na barua yake inaanzia wapi ndani ya lile faili kubwa. Faharasa ikiharibika au ikipotea, programu hulisoma faili kubwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho na kuandika faharasa mpya. Faili kubwa likipotea, faharasa haina cha kuorodhesha.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Ukifuta barua ndani ya Thunderbird, maandishi yake hayaondoki kwenye faili saa hiyohiyo. Huwekewa alama kwamba yamefutwa, yakabaki palepale yakila nafasi mpaka folda ibanwe. Programu ilikuwa ikimuuliza Karani mara kwa mara kama ibane mafolda, naye alikuwa akijibu hapana, kwa sababu kubana kunachukua muda na simu za wateja hazingoji. Matangazo aliyoyafuta, picha za harusi zilizotumwa kwa ofisi nzima, viambatisho vilivyotumwa mara tatu, vyote viliendelea kuishi humo. Inbox ikawa na uzito wa GB 23.

Umeme ulipokatika, kilichoumia ni faharasa. Asubuhi programu ilipoona hivyo ilianza kazi yake halali: kusoma GB 23 kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, huku kizuia-virusi nacho kikilipekua faili hilohilo. Hiyo si kazi ya dakika mbili tatu. Na yale maneno ya kusema programu haijibu hayana uzito ambao watu huyapa: Windows huyaandika dirisha lisipoitikia kwa sekunde 5 tu. Programu inaweza kuwa imeshughulika mno hata haina nafasi ya kusema iko hai. Kila Karani alipozima kwa nguvu, usomaji ulikatwa katikati, na alipowasha ulianza upya. Kama asubuhi hiyo wote wangeshuka kunywa chai wakairefusha mpaka chakula cha mchana, inaelekea sana wangerudi wakute barua zao.

Lakini simu ya Lubumbashi ilikuwa ikilia.

“Mwite yule kijana wa Kariakoo,” Bosi akasema.

Fundi alikuwa kijana wa mtaani kwa Mhasibu, mwenye kibanda cha simu na kompyuta. Alikuwa mwepesi, mwenye adabu, na alisifika kwa jambo moja: hakuwahi kuondoka kwa mteja kabla kompyuta haijawaka. Sifa hiyo ndiyo iliyompatia kazi, na ndiyo iliyompoteza.

“Shikamoo, Bosi.”

“Marahaba, mwanangu. Nina makontena bandarini, na barua zangu zimefungwa humo ndani. Saa sita nataka ziwe zimefunguka. Hela yako ipo.”

Sikiliza alivyosema, kwa sababu nusu ya msiba umo katika maneno hayo. Alitaja saa na alitaja hela. Hakutaja kwamba ndani ya mashine mna miaka kumi na moja ya biashara ambayo haina nakala mahali pengine popote. Wala Fundi hakuuliza.

Kwanza alifanya alichofanya Karani: akaikatisha programu kwa nguvu, akaifungua, ikaganda. Kisha akaiondoa kabisa na kuisakinisha upya, toleo jipya kutoka kwenye intaneti. Ikaganda vilevile, naye akashangaa. Hakupaswa kushangaa. Programu hukaa mahali pake na barua hukaa pengine, kwenye folda ya profaili ambayo Windows huificha ndani ya AppData. Ukiiondoa Thunderbird na kuirudisha, unabadilisha programu. Profaili inakungoja palepale na tatizo lake lilelile. Mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Angesimama hapo, ingekuwa hadithi nyingine.

Hatua ya tatu ilikuwa ya akili, ila haikukamilika. Alifungua profaili mpya, tupu, akaandika anwani ya ofisi na nywila. Thunderbird ikafunguka mara moja, na barua zikaanza kushuka. Vijana wa makaratasi wakapiga makofi. Karani akasogea, akashuka na orodha mpaka chini.

“Kaka, mbona ya mwisho ni ya wiki mbili zilizopita? Za zamani ziko wapi?”

“Zinashuka, dada. Mpya hutangulia, za zamani hufuata. Zote ziko kwenye seva.”

Alisema alichoamini. Hazikuwapo.

Njia za programu kuchukua barua kwenye seva ni mbili, na tofauti yake ndiyo tofauti ya ofisi iliyopona na ofisi iliyofilisika. Ya kwanza ni POP, ambayo maelezo yake ya awali yalichapishwa mwaka 1984 na toleo la tatu, POP3, likafuata mwaka 1988. Hii hufanya kazi kama sanduku la posta: unakwenda na ufunguo, unatoa barua, unaondoka nazo, sanduku linabaki tupu kwa ajili ya nyingine. Ilibuniwa wakati ambapo nafasi kwenye seva ilikuwa ghali na watu walijiunga na mtandao kwa muda mfupi tu, wakachukua chao na kukata. Ya pili ni IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986 akiwa Chuo Kikuu cha Stanford. Kwa IMAP barua huishi kwenye seva. Kompyuta yako huzitazama na kujiwekea nakala zake. Anayetumia IMAP akifungua profaili mpya, barua zake zote hurudi, hata kama ni polepole. Anayetumia POP hurudishiwa zile tu ambazo seva iliagizwa kuzishikilia kwa muda.

Ofisi ilikuwa ya POP. Aliyeiunganisha miaka kumi na moja nyuma aliagiza barua zibaki kwenye seva kwa siku 14, kisha zifutwe. Hicho ndicho Karani alichokiona kwenye orodha: wiki mbili, basi.

Fundi angeweza kulijua hilo kwa kufungua mipangilio ya akaunti kwenye profaili ya zamani. Hakuifungua, kwa sababu wakati huo Windows ilitoa onyo jipya: diski inakaribia kujaa. Akatafuta mafaili makubwa yanayokula nafasi. Akaifikia profaili ya zamani, akamkuta mnene wao: Inbox, GB 23, faili lisilo hata na herufi za mwisho za kuonyesha ni la aina gani. Pembeni yake kalikuwako kadogo, Inbox.msf.

Alikuwa amewahi kusoma ushauri kuhusu Thunderbird inayoganda: ingia kwenye profaili, futa faili la Inbox lenye msf, programu itatengeneza jingine. Ni ushauri mzuri. Yeye aliukumbuka bila zile herufi tatu. Kati ya mafaili mawili yaliyo mbele yake, kubwa lilifanana na takataka na dogo halikuwa na neno. Akalichagua kubwa, akabonyeza kufuta. Windows ikamsimamisha: faili ni kubwa mno kuingia kwenye pipa la takataka, je, lifutwe moja kwa moja?

Karani alikuwa amesimama nyuma yake. “Hilo si ndilo lenye barua zetu?”

“Hapana, dada. Haya ni mabaki ya programu. Itatengeneza jingine.”

Akanyamaza. Yeye ndiye aliyekuwa na swali sahihi, lakini yeye ni karani na mwenzake ni fundi. Kijana akabonyeza ndiyo. Diski ikapata nafasi, kompyuta ikawa nyepesi, saa sita ilikuwa haijagonga. Akalipwa, akanywa soda, akashukuru, akaondoka na sifa yake kamili.

Siku tatu nzima ofisi ilimsifu. Ijumaa mteja wa Lubumbashi akaandika kwamba hatalipa demereji ya makontena manne, kwani hajawahi kukubali kuilipa. Bosi akacheka. Alikumbuka vizuri: miezi saba nyuma mteja huyo aliandika mwenyewe, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwamba gharama za kuchelewa upande wa Kongo ni zake. “Mtafutie barua yake, umtumie.”

Karani akatafuta. Akatafuta kwa jina, kwa tarehe, kwa namba ya kontena. Kisha akakaa kimya, akasema, “Bosi, hakuna kitu kabla ya mwezi huu.”

Fundi aliitwa, na kwa sifa yake tumpe haki: alikuja mbio. Alipoelewa alichokifanya, uso ulimshuka. Lakini hofu ilimharakisha kuliko hata Bosi alivyomharakisha. Akapakua programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, akaisakinisha kwenye diski ileile iliyofutwa faili, na yale iliyoyafufua akayahifadhi humohumo. Hakujua kwamba katika diski ya kuzunguka faili lililofutwa haliondoki papo hapo. Nafasi yake hutangazwa tu kuwa wazi, na maandishi yake hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Siku tatu za kazi zilikuwa zimeandika juu yake: barua mpya zilizoshuka, masasisho ya Windows, hati za kila siku. Sasa na dawa yenyewe ikaandika juu ya jeraha. Ingekuwa diski ya aina mpya ya SSD, mambo yangekuwa mabaya zaidi, kwani kwa kawaida hizo husafisha nafasi iliyofutwa zenyewe na hazimwachii mtu cha kufufua.

Ndipo Mhasibu, aliyekuwa kimya wiki nzima, akasema kuna mzee anayemfahamu. Mzee huyo alianza na redio, akahamia kwenye taipureta, akaishia kwenye kompyuta. Alipoingia hakuketi. Alisalimiwa, akaitikia, akaomba kompyuta izimwe, na ilipozimika akachomoa waya wa umeme ukutani. Kisha akauliza maswali matatu, akimtazama Bosi na si Fundi.

“Mama, barua zenu zinaishi wapi: hapa au kwenye seva?”

Bosi hakujua.

“Nakala yake iko wapi?”

Haikuwapo.

“Siku moja kabla ya kuganda, kilitokea nini?”

Hapo Karani akajibu kuhusu umeme, na kwa jibu hilo moja Mzee akaelewa ugonjwa wote uliowatoa jasho. Akatikisa kichwa. “Ilikuwa inajitibu,” akasema.

Aliichukua diski, akaiunganisha kwenye mashine nyingine kama diski ya pembeni isiyoandikwa kitu, akaitolea nakala kamili, akaanza kuitafuta barua ndani ya nakala. Kwa kuwa mbox ni maandishi ya kawaida, vipande vilipatikana: sentensi za mteja huyu, anwani ya yule, mstari wa From hapa na pale. Viambatisho havikusamehe. Kiambatisho kinaposafiri kwa barua pepe hugeuzwa kuwa mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu ambao hausomeki kwa macho, na mlolongo huo ukikatika katikati, hati iliyomo haifunguki au inatoka imeharibika. Ankara na hati za shehena, yaani zile zenye thamani hasa, ndizo zilizopotea.

Kilichowaokoa kidogo ni kwamba folda ya barua walizotuma, Sent, ilikuwa na faili lake la peke yake, na kijana hakuligusa. Wakabaki na miaka kumi na moja ya maneno yao wenyewe bila majibu ya watu. Mzee akamwonyesha Karani jinsi ya kunufaika nayo: mtu anapojibu barua, programu huweka barua aliyoijibu chini ya jibu lake. Kila alipojibu bila kuyafuta maneno ya mwenzake, maneno hayo yaliponea kwenye Sent. Binti akaipitia folda hiyo mwaka kwa mwaka, na akapata mengi.

Ahadi ya mteja wa Lubumbashi hakuipata. Siku ilipofika, miezi saba nyuma, aliisoma, akafurahi, akapiga simu kushukuru. Hakuijibu kwa maandishi. Ofisi ikalipa demereji ya makontena manne, kisha ikaandika kwa wauzaji na wateja wake, mmoja mmoja, ikiomba kutumiwa tena karatasi ambazo wakala wa forodha hulipwa ili azitunze. Kati ya mambo hayo mawili, Bosi alisema la pili ndilo lililomuuma.

Mzee hakumfokea Fundi. Alimkalisha, akampa karatasi na kalamu, akamtaka aandike mpangilio wa kazi kama inavyopaswa. Nao unawafaa wote wenye programu ya barua pepe ya mezani, wakae Dar es Salaam, Mombasa au Muscat.

Kwanza, tazama kabla ya kugusa. Fungua Task Manager uangalie programu inafanya nini. Kama inasoma diski au inatumia prosesa, yaelekea iko kazini. Iache, hata kwa saa kadhaa. Kama haigusi chochote kwa muda mrefu, hapo ndipo unaweza kusema imekwama.

Pili, uliza. POP au IMAP? Nakala ipo? Nini kimebadilika: umeme, sasisho, kizuia-virusi kipya, programu-jalizi? Muulize anayeitumia kila siku, hata kama ndiye mdogo kuliko wote ofisini. Kuuliza si ujinga, na asubuhi ile swali la karani lilikuwa na thamani kuliko kifaa chochote mkobani mwa fundi.

Tatu, nakili. Programu ikiwa imefungwa, chukua folda nzima ya profaili uiweke kwenye diski ya nje. Linganisha uzito wa nakala na wa asili kabla ya kuendelea. Diski ikikataa kunakilika, tatizo lako ni diski, na kila dakika unayoendelea kuitumia unajiongezea hasara.

Nne, sasa ujaribu, na uanze na lisilobadilisha kitu. Kata intaneti uifungue programu bila mtandao. Ikigoma, shikilia kitufe cha Shift unapoifungua Thunderbird. Itakupa hali ya utatuzi, ambayo huzima programu-jalizi zote. Ikifunguka hivyo, mchawi ni programu-jalizi mojawapo, na barua zako hazina tatizo.

Tano, badili jina, usifute. Inbox.msf iite Inbox.msf.zamani, ufungue programu uiache iandike nyingine. Fanya vivyo hivyo na global-messages-db.sqlite, ambayo ni hifadhidata ya utafutaji na hujengwa upya. Ukikosea, unarudisha jina la kwanza na hujapoteza kitu. Faili lenye jina tupu la folda usiliguse kabisa.

Sita, kiagize kizuia-virusi kisiifungie folda ya profaili. Kwa kuwa barua zote za folda zimo katika faili moja, kizuia-virusi kikiona barua moja yenye sumu kinaweza kulitia kizuizini faili zima, na asubuhi ukakuta folda tupu bila mtu kufuta kitu.

Saba, ikishafunguka, tibu chanzo. Gawa barua kwa folda za miaka, zibane nakala ikiwa mkononi na umeme ukiwa wa uhakika, na ukiweza hamia IMAP. Lakini IMAP nayo si nakala: ukifuta barua upande mmoja, inafutika na upande wa pili. Nakala ni ile iliyo kwenye diski iliyochomolewa, isiyoweza kufikiwa na kidole kilichokosea.

Wanaotumia Outlook ya kawaida ya mezani wana mafaili ya majina mengine na hatari ileile. Kuna faili la ost, ambalo kwa kawaida ni nakala ya yaliyo kwenye seva na likiharibika hujengwa tena; na kuna la pst, ambalo mara nyingi ndilo makao pekee ya barua. Atakayeyachanganya hayo mawili atalia kilio cha ofisi yetu. Ukubwa nao huleta matata: kwenye matoleo ya kale, kabla ya Outlook 2003, pst haikupaswa kupita GB 2, na kuanzia Outlook 2010 kikomo cha kawaida ni GB 50. Outlook ikiganda, ianzishe kwa kushikilia kitufe cha Ctrl ili ifunguke katika hali salama. Pst ikiwa mbovu, Microsoft imeweka kifaa kiitwacho scanpst cha kuikarabati. Nacho pia huanzishwa baada ya faili kunakiliwa, kwani ukarabati wenyewe unaweza kutupa vipande usivyotaka vitupwe.

Hatua hizo saba kijana alizijifunza kwa siku moja, na leo ni fundi mzuri. Jambo gumu kujifunza lilikuwa la Bosi. Alilipa kwa kuwashiwa, akawashiwa. Hakuna siku aliyowahi kumlipa mtu kwa kutunza. Mafundi wetu wengi wamefundishwa na wateja wao kwamba kazi ni skrini kuwaka kabla ya saa fulani, na anayetumia saa mbili akinakili folda huonekana hajui kazi, akapunjwa hela na asiitwe tena. Tukiendelea kuwapima hivyo, wataendelea kufuta.

Programu hupakuliwa tena bure siku yoyote. Barua aliyokuandikia mtu miezi saba nyuma haipakuliwi popote. Kwa hiyo fundi akibisha hodi, kabla hujamwonyesha mashine iliyoganda, mwonyeshe nakala. Kama huna, kuitengeneza ndiyo kazi yake ya kwanza, na mlipe kwa hiyo kwanza.